Askari Kati ya Migomba na Mbuga



Nimeombwa niseme juu ya namna askari anavyojificha vitani. Mfano hatuutafuti mbali. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, ndege zake zikaipiga Bukoba, na Novemba daraja la Kyaka likavunjwa.

Huku kwetu Miembeni na vijijini kuna migomba: kivuli kizito, majani makavu chini. Lakini kuelekea Kyaka na Mutukula ni mbuga ya nyasi. Askari aliyejivika majani ya mgomba akatoka nayo mbugani ataonekana kama mgomba unaotembea.

Tena jani lililokatwa hunyauka upesi juani. Asubuhi lilimficha, alasiri limegeuka rangi, nalo linamtangaza. Basi hulibadilisha mara kwa mara, wala halikati karibu na handaki lake, maana mgomba uliokatwa upya ni alama kwa adui.

Uso hupakwa masizi au udongo, hasa paji, pua na mashavu, kwa kuwa hung'aa. Saa ya mkononi hufunikwa. Chapeo hutiwa majani machache ya kuvunja umbo lake. Wengi huzidisha, wakawa kichaka.

Ila yote hayo ni bure mtu akitikisika, kwani jicho hukamata mwendo kabla ya rangi. Na ninyi mtakaokwenda JKT, mkitaka kuchungulia, chungulieni ubavuni mwa kichuguu, si juu yake, ambako kichwa huonekana wazi dhidi ya anga.