KUNUNUA PIKIPIKI ILIYOKWISHA TUMIKA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Mmetutaka tuseme habari za kununua pikipiki iliyokwisha tumiwa na mtu mwingine. Twadhani mmetuchagua si kwa kuwa tu mafundi, bali kwa kuwa wengi wenu mwaijua habari ya pikipiki yetu ya kwanza. Basi na tuanze na hiyo, ili aibu itangulie.

Tulikuwa tumeweka akiba muda wa miezi 14. Tukamwendea muuzaji jioni, baada ya kazi, tukaikuta pikipiki imeoshwa hata yang'aa, na saa ya mwendo yaonyesha kilomita 9,400. Injini iliwaka kwa teke moja. Kweli ilikuwa ya moto tulipoigusa, lakini tulidhani ni jua. Tukalipa. Hata mwezi haujaisha, ikaanza kutoa moshi wa samawati na kunywa oili. Fundi alipoifungua alituuliza, "Bwana, hii imechukua abiria miaka mingapi?" Hatukuwa na jibu.

Kosa letu lilikuwa kuiamini saa. Katika pikipiki nyingi za kwetu Tanzania, saa ile huendeshwa na waya uzungukao ndani ya mpira, utokao katika gurudumu la mbele. Waya ukikatika, au ukifunguliwa makusudi, pikipiki huenda na saa husimama. Tena saa nyingine hununuliwa dukani ikafungwa, na hesabu ikaanza upya. Na ile yenye tarakimu 5 za kilomita, ikipita 99,999 hurudi sifuri yenyewe, pasipo hila ya mtu. Zile za umeme nazo zina wajuzi wake wa kuzirudisha nyuma.

Sisi makarani tumezoea hesabu, na tuifanye. Pikipiki ya abiria iendayo kilomita 100 kwa siku, kwa siku 300, hupata kilomita 30,000 kwa mwaka mmoja. Ikiwa kadi yasema imesajiliwa miaka 4 iliyopita, na saa yasema 9,400, muuzaji na atueleze ililala wapi muda wote huo.

Mashahidi walio bora ni vile viguswavyo na mkono na mguu. Tazameni mipira ya kukanyagia, kishikio cha moto, na pedeli ya giya: chuma chake kikiwa kimelika pembeni, maelfu ya safari yamepita hapo. Muuzaji mwerevu hubadili mipira. Walakini mipira mipya juu ya pedeli iliyolika nayo husema neno. Tazameni tairi pia. Ubavuni mwake mna tarakimu 4: 2219 maana yake juma la 22 la mwaka 2019. Tairi la nyuma la pikipiki yetu lilikuwa changa kuliko pikipiki yenyewe kwa miaka 3, nasi hatukulitazama. Kisha uvuteni mnyororo pale unapolizunguka gurudumu la meno la nyuma. Ukiinuka sana, au meno yakiwa yamechongoka na kupinda upande mmoja, vyote viwili vimechoka.

Injini yataka kusikilizwa ikiwa baridi. Mwambieni muuzaji mapema asiiwashe, mfike asubuhi, na mwiguse kabla ya teke la kwanza. Mvuke mweupe wa asubuhi ukatoweka, si kitu. Moshi wa samawati usiokoma ni oili iunguayo ndani, na dawa yake ni kufungua injini. Inueni gurudumu la mbele, mgeuze usukani polepole. Ukinasa katikati, gololi zake zimekwisha. Na mahali penye mchanga mbichi, mwendesheni polepole katika mstari ulionyoka: alama za magurudumu mawili zisipofuatana, ulizeni habari za ajali.

Tumeacha karatasi mwisho, ingawa ndiyo kazi yetu hasa. Namba ya fremu hugongwa kwa kawaida shingoni, karibu na usukani. Namba ya injini ubavuni mwake. Zilinganisheni na kadi herufi kwa herufi, kama mlinganishavyo hati ya Serikali. Pakiwa na alama ya tupa au rangi mpya juu ya namba, ondokeni, hata kama bei ni nusu. Jina la kadi na liwe la huyo auzaye, na msimalize fedha zote kabla ya kufika pamoja Mamlaka ya Mapato kubadili umiliki. Faini za barabarani nazo hufuata namba ya chombo, ziangalieni kwanza.

Ile yetu tuliiuza baadaye kwa bei ya chuma. Mnunuzi alipoinama kuisoma saa, tulimwambia aiache, tukamwonyesha pedeli ya giya.