Kutwa Nzima Tabora



Juma lililopita kijana mmoja wa jirani yangu alirejea kutoka Mpanda. Nikamwuliza, "Tabora umeionaje?" maana najua alishinda pale kutwa nzima akingoja kuunganisha treni. Akanijibu, "Mzee, Tabora ni benchi na vumbi." Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilipita Tabora mara nne kabla ya kutambua kwamba nje ya stesheni kuna mji.

Tabora ni njia panda. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika pale 1912, ikaendelea hadi Kigoma 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika 1928, na la Mpanda likafuata baada ya Vita Vikuu vya Pili. Lakini kungoja hakukuletwa na reli. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipofika Unyanyembe ilivunjika: wapagazi walilipwa ujira wao, mizigo ikatuliwa, na mwenye mali akaanza kutafuta wapagazi wapya wa kumfikisha Ujiji au Karagwe. Mvua zikianza, Mnyamwezi alishika jembe lake, na ilikuwa kazi kubwa kumtoa shambani kwa vitambaa au shanga. Tajiri akangoja. Alipochoka kungoja akajenga tembe, akapanda miembe, akaoa. Na tusiwasahau wale waliongoja wakiwa na minyororo shingoni. Hao hakuna aliyewauliza kama wana haraka.

Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika hapo, mahali ambapo wafanyabiashara wa siku zile walipaita Kazeh. Walikaa majuma matano. Mwenyeji wao, Snay bin Amir, Mwarabu wa Omani, aliwasimulia habari za maziwa ya bara. Waliporudi kutoka Ujiji katikati ya 1858 wakakwama tena pale pale. Burton, aliyekuwa amedhoofika kwa maradhi, alibaki barazani akizungumza na wafanyabiashara na kujaza madaftari yake. Speke hakuweza kutulia. Julai aliondoka na msafara mdogo kuelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa ambalo Wasukuma walikuwa wakivua samaki tangu enzi za mababu. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amerudi Kazeh. Urafiki wao haukupona baada ya hapo.

Wengi humsifu Speke na kumcheka Burton. Mimi simcheki. Habari nyingi tulizo nazo juu ya Unyanyembe ya siku zile zimetoka katika madaftari yake. Kila mmoja alikitumia kituo kwa namna yake. Mimi, katika zile safari zangu nne, nilikalia sanduku langu.

Safari ya tano ilikuwa 1993. Baba yangu mdogo alifariki Mpanda, telegramu ikanikuta Mwanza. Nilipanda treni jioni, asubuhi nikateremka Tabora. Ya Mpanda ilikuwa ya saa tatu usiku. Nikaketi juu ya sanduku, nikaikodolea macho reli. Mama mmoja muuza chai alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo reli hata ukiikazia macho haikuletei treni." Nikamweleza msiba wangu. Akanipa pole, akanimiminia chai, akakataa fedha. Halafu akasema polepole, "Maiti hangoji treni, baba. Watakuwa wamekwisha mzika. Weka mzigo wako, katembee."

Maneno yale yaliniuma, lakini yalikuwa ya kweli. Nikaandikisha sanduku kwenye chumba cha mizigo, tiketi nikaitia mfuko wa ndani, nikamwuliza mkuu wa stesheni saa ya kuondoka mara mbili, maana jibu la mara moja katika mambo haya halitoshi. Nikakodi baiskeli, nikashika njia ya Kwihara, kama kilomita sita hivi kutoka mjini.

Pale Kwihara kuna tembe yenye kuta nene za udongo, paa bapa, na mlango wa nakshi kama ya Unguja. Livingstone na Stanley walifika hapo Februari 1872 wakitoka Ujiji. Machi Stanley akaenda zake pwani ili ampelekee mwenzake wapagazi, na mzee yule akangoja hadi Agosti. Alipoondoka hakurudi tena akiwa hai. Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, Chuma na Susi wakiwa miongoni mwao, waliukausha mwili wakaubeba. Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba walikutana na ofisa wa Kiingereza, Cameron, akawashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo.

Niliketi kwenye kizingiti cha mlango ule. Watu wale walimbeba kwa miguu, miezi kwa miezi, mtu asiyekuwa ndugu yao. Mimi nilishindwa kumwahi baba yangu mdogo kwa treni. Nikalia. Stesheni nisingeweza kulia, watu ni wengi mno, na mtu unaona haya.

Niliporudi mjini jua lilikuwa limepoa. Nikapita karibu na Boma la Wajerumani, nikaitazama kwa mbali shule aliyosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1937, nikaingia sokoni. Nilinunua chupa mbili za asali, kwa sababu nani apite Tabora arudi bila asali? Siku hizi bodaboda itakufikisha Kwihara kabla chai haijapoa, kwa hiyo yule kijana wa jirani yangu hana kisingizio. Nimemwambia hivyo.

Treni iliondoka kwa kuchelewa kidogo. Nilifika Mpanda asubuhi, na kweli, walikuwa wamemzika juzi yake. Nikamkabidhi mama mdogo zile chupa. Akazitazama, akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "asali unaileta Mpanda?"

Waliokuwa matangani wakacheka, naye akacheka. Waliniambia ilikuwa mara yake ya kwanza tangu msiba ulipoingia.