RUNGU PEKE YAKE HALIMALIZI WIZI



Tunaambiwa dawa ya wizi wa michezo ya kompyuta ni polisi. Haya, tuitazame Poland.

Hadi mwaka 1994 nchi ile haikuwa na sheria iliyozilinda programu za kompyuta. Nakala za wizi ziliuzwa sokoni Warsaw mchana kweupe. Nani alilipwa? Mchuuzi! Mtunzi wa mchezo hakuambulia hata senti. Kijana gani angetoa jasho kutengeneza mali ya kuvunwa na mwingine?

Sheria ikapitishwa mwaka huo. Wizi ukaendelea.

Mwaka 1999 kampuni ya CD Projekt ikauza mchezo wa Baldur's Gate uliotafsiriwa kwa Kipolandi, ndani ya boksi lenye kitabu na ramani. Haramia aliuza rahisi, lakini hakuwa na vitu hivyo. Watu wakanunua kwa maelfu. Mwaka 2002 kampuni ikaanzisha karakana yake ya kutunga michezo. Mwaka 2007 ikatoa The Witcher, ukauzwa duniani kote.

Ndugu zangu, sheria tunaitaka. Lakini mnunuzi asipoheshimiwa, sheria hiyo ni karatasi tu.