Barakoa kidevuni

Msikilizaji, kuanzia Aprili 6, 2020 hadi mapema Julai, mpaka wa eneo la Nairobi lililofungwa kwa sababu ya korona ulikuwa daraja la Mto Chania, hapa Thika. Mtaa wa Makongeni ulibaki ndani, Kaunti ya Murang'a ng'ambo. Mazao yaliruhusiwa kuvuka. Mwenye shamba Gatanga, upande wa Murang'a, na kibanda Makongeni hakuruhusiwa.

Matatu ya abiria 14 ilibeba 8. Barakoa wengi waliishusha kidevuni, wakaipandisha walipomwona polisi. Waliitwa wakaidi, nami sikubali. Kafyu ilianza Machi 27 kwa virungu na vitoa machozi, hasa kule Likoni, Mombasa. Raia alifundishwa kumwogopa askari kabla hajaelezwa vizuri jinsi virusi vinavyosafiri hewani, na hofu hiyo huisha askari akigeuka kona.

Tena, kunawa mikono kila mara katika ploti ambako maji hununuliwa kwa mtungi ni gharama. Wenye maduka waliojaza maji na kuweka sabuni mlangoni kila asubuhi, bila kulipwa na yeyote, walitufaa kuliko virungu vyote. Wanastahili shukrani ambayo hawajapewa.

Amri ya barakoa mahali pa wazi iliondolewa Machi 11, 2022. Kikohozi bado kipo. Jioni hii mvua ikinyesha na matatu ya Makongeni ikijaa, abiria watafunga madirisha yote. Liachwe moja wazi, hata kidogo, na kondakta asimkemee atakayelifungua.