Umbali wa Entebbe

Kiwanja cha ndege cha Entebbe, nchini Uganda, kiko kiasi cha kilomita 3,550 kutoka Tel Aviv, ukipimwa mstari ulionyooka juu ya ramani. Mwaka 1976 utawala wa Idi Amin uliuhesabu umbali huo kuwa ni boma. Ndege ya Ufaransa iliyotekwa nyara tarehe 27 Juni baada ya kuruka kutoka Athens ilikuwa imetua hapo, mateka wamefungiwa katika jengo la zamani la abiria, na askari wa Uganda wakishiriki kuwalinda. Nani angekuja kutoka huko kote?

Walikuja. Alasiri ya tarehe 3 Julai ndege nne za uchukuzi za aina ya Hercules ziliruka kutoka Sharm el-Sheikh, katika rasi ya Sinai, iliyokuwa wakati huo mikononi mwa Israel. Hazikufuata mstari ulionyooka. Zilishuka na Bahari ya Shamu, zikiruka chini sana juu ya maji ili rada zisizione, kisha zikapita anga ya Ethiopia. Njia hiyo ya mizunguko ilikaribia kilomita 4,000. Na kwa ndege yenye mwendo wa kama kilomita 540 kwa saa, hiyo ni safari ya zaidi ya saa saba. Yapata saa sita usiku, kwa saa za Uganda, ya kwanza ilitua. Taa za kiwanja zilikuwa zinawaka.

Haki na itendeke kwa askari wa zamu. Gari jeusi la Mercedes, lililotengenezwa lifanane na la Amin, lilisimamishwa na walinzi wawili kama amri za lindo zinavyotaka, nao wakapigwa risasi. Waliozembea walikuwa wakubwa. Amin mwenyewe alikuwa amerejea jioni ileile kutoka Mauritius, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Ndege zake za kivita za MiG ziliteketezwa zikiwa chini, na askari wake kwa makumi wakafa.

Lakini hesabu ya umbali ina upande wa pili, nao ni mafuta. Hercules iliweza kufika Entebbe. Kurudi bila kujaza mafuta haikuweza. Nairobi iko kilomita 520 tu kutoka hapo, mwendo wa kama saa moja, na huko ndiko ndege hizo zilikojaza mafuta na majeruhi wakatibiwa.

Mateka 102 walifika Israel. Amin hakuweza kuifikia nchi hiyo. Kenya ilikuwa jirani. Wakenya wengi waliokuwa wakifanya kazi Uganda waliuawa, na wengine wakakimbilia mpakani wakiacha mali zao. Bibi mzee Dora Bloch, mateka aliyekuwa amelazwa hospitali mjini Kampala, naye aliuawa; mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, baada ya Amin kung'olewa.