Jina la Fischer: Mvuvi Asiyevua

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Msomaji wa darasa asome polepole, na asimame kila penye swali.)

Ninyi wa Shishiyu, mkoani Simiyu, somo la leo linaanzia kwenu. Shikeni kalamu zenu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni jina hili, herufi moja moja: F, I, S, C, H, E, R. Fischer.

Jina hili ni la Kidachi. Wadachi ni Wajerumani. Ndivyo wazee wetu walivyowaita. Msiogope wingi wa herufi. S, C na H zikifuatana katika Kidachi huwa sauti moja tu, nayo ni ile ile ambayo sisi tunaiandika kwa S na H. Mtu wa Shishiyu huitamka mara mbili kila anapotaja kwao. Tena ile R ya mwisho Wadachi huimeza, hata jina lote likasikika kama "Fisha".

Je, jina la Kidachi lina habari gani na Shishiyu? Lina habari, maana kwenu linaruka kwa mabawa. Mnamjua yule kasuku mdogo wa rangi ya majani mabichi, mwenye uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na duara jeupe kuzunguka jicho. Hutembea kwa makundi, hulala katika matundu ya miti, hula mbegu za majani, na mtama au mahindi yakikomaa hana haja ya kukaribishwa. Kwao hasa ni kaskazini ya Tanzania, kusini na kusini mashariki ya Ziwa Viktoria. Basi katika vitabu vya wataalamu wa ndege, kasuku huyo ni kasuku wa Fischer.

Fischer mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa daktari, jina lake la kwanza Gustav. Alizaliwa mwaka 1848 katika mji wa Barmen, Ujerumani. Alifika Unguja mwaka 1876, akakaa huko akiganga wagonjwa. Mwaka 1882 na 1883 alisafiri kutoka Pangani kupita nchi ya Wamasai mpaka Naivasha, ambako leo ni Kenya. Mwaka 1885 akatoka tena Pangani. Safari hii alikuwa akimtafuta msafiri mwenzake, Wilhelm Junker, aliyekwama huko kaskazini pamoja na Emin Pasha. Fischer alifika pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria, lakini njia ya Uganda ilikuwa imefungwa, akalazimika kurudi bila kumpata mtu aliyemtafuta. Alifika kwao Ujerumani, akafariki mwezi wa Novemba mwaka 1886.

Katika safari zake Fischer alikuwa akikusanya ndege. Mtaalamu mmoja wa Berlin, Anton Reichenow, ndiye aliyewapanga na kuwaandika. Mwaka 1887 alimwandika yule kasuku wenu, akampa jina la marehemu Fischer. Bila shaka wenyeji walimjua ndege huyo miaka mingi kabla ya hapo, na waliwafukuza watoto wake mashambani bila kungoja ruhusa ya Berlin. Lakini jina lililoandikwa kitabuni ndilo lililosafiri duniani.

Tena ndege mwenyewe alisafiri. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa kasuku wa mwituni waliouzwa kwa wingi kabisa duniani, mpaka mwaka 1992 Tanzania iliposimamisha biashara ya kumpeleka ng'ambo. Na jambo moja la kuchekesha: Wadachi wenyewe hawamwiti ndege huyo kwa jina la Fischer. Kwa lugha yao humwita "kichwa kidogo cha pichi", yaani lile tunda la manjano na wekundu.

Sasa tuingie katika maana. Sisi tuna neno "kuvua", na kutoka hapo tunapata "mvuvi". Kulima, mkulima. Kuwinda, mwindaji. Tunaweka M mbele, na mara nyingi mwisho wa neno tunaubadili. Wadachi hawaweki kitu mbele, huongeza nyuma. Samaki kwao ni "Fisch". Ukiongeza E na R, unapata "Fischer", mtu wa samaki, yaani mvuvi. Basi daktari Gustav Fischer kwa Kiswahili chetu ni daktari Mvuvi, na yule kasuku ni kasuku wa Mvuvi, ingawa yeye anatafuta mbegu tu, na samaki hamjui.

Je, daktari huyo alikuwa mvuvi? Hata kidogo. Hapo ndipo penye kiini cha somo letu, nami naomba msikilize vizuri.

Hapo kale, Wadachi walikuwa na jina moja moja tu. Kijijini palikuwa na Johannes, na kila mtu alimjua. Kisha, tangu karne ya 12, miji ilianza kukua, kwanza upande wa kusini na magharibi, kando ya mto Rhein. Watu wakajaa. Katika mtaa mmoja wakawako Johannes sita. Karani wa kodi aandike nini? Akaandika: Johannes mvuvi, Johannes mhunzi, Johannes wa kilimani, Johannes mfupi. Hayo hayakuwa majina ya ukoo. Yalikuwa alama tu za kumtenga mtu na mwenzake, kama sisi tunavyosema, "Sikusemi wewe, namsema Juma wa pale mwembeni."

Johannes mvuvi akafa. Mwanawe akarithi mtumbwi na nyavu, na neno "mvuvi" likabaki kwake. Mjukuu akaacha uvuvi akawa fundi wa viatu, lakini daftarini alikuwa amekwisha kuandikwa Fischer. Tangu siku hiyo neno halikueleza tena kazi ya mtu. Lilikuwa limekwisha kuwa jina. Mji wa Nürnberg ulikuwa na fundi mashuhuri aliyeitwa Peter Vischer, aliyekufa mwaka 1529. Yeye aliandika kwa V, na V hiyo husomwa kama F. Jina lake mvuvi, kazi yake kuyeyusha na kumimina shaba! Na baba yake kabla yake alikuwa wa shaba vilevile.

Kwa nini wavuvi walikuwa wengi mpaka jina likaenea? Nchi ile ina mito mikubwa, Rhein, Elbe na Donau, na maziwa pia. Tena Wakristo wa zamani walikatazwa nyama siku za Ijumaa na siku za Kwaresima, wakala samaki. Kwa hiyo kila mji ulihitaji wavuvi wake na wauza samaki wake, na wote hao waliweza kuandikwa Fischer.

Leo, ukihesabu majina ya ukoo Ujerumani nzima, Müller ndilo la kwanza kwa wingi, maana yake msaga nafaka. La pili Schmidt, mhunzi. La tatu Schneider, mshona nguo. La nne ndilo Fischer. Yote manne ni majina ya kazi! Ukilitazama jambo hili unaona kijiji cha zamani kizima: kinu, nyundo, sindano na wavu. Wenye jina la Fischer wako pia Austria na Uswisi, na wengine walihamia Marekani na Brazil. Huko Marekani wengi waliiacha ile C, wakawa Fisher, ambalo ni neno la Kiingereza lenye maana ile ile. Mabingwa watatu wa elimu ya kemia wenye jina hili walipata tuzo ya Nobel: Emil Fischer mwaka 1902, Hans Fischer mwaka 1930, na Ernst Otto Fischer mwaka 1973.

Msidhani watatu hao ni ukoo mmoja. Mtu wa Usukumani akisikia watu wawili wana jina moja la ukoo, huenda atauliza kwanza wana udugu gani. Kwa Fischer swali hilo halina nguvu. Penye mto palikuwa na mvuvi, na kila mvuvi alianzisha jina lake peke yake, bila kumjua mwenziwe wa mto wa pili.

Sasa turudi kwetu. Msukuma hakupewa jina kwa kazi ya babu yake. Alipewa kwa habari ya kuzaliwa kwake. Mabula ni wa mvua. Mapacha ni Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata ni Shija. Aliyetanguliza miguu ni Kashinje. Mtu akisikia jina la Shija anajua kuwa katika nyumba ile walitangulia mapacha. Jina la Fischer halikuelezi tena habari yoyote ya mtu aliye mbele yako. Kwa maoni yangu, katika jambo hili jina la Kisukuma lina utajiri zaidi.

Lakini lina shida yake, na shida hiyo imezuka kwa sababu ya karatasi. Sikilizeni mfano. Shija ni mwana wa Mabula, na Mabula ni mwana wa Kulwa. Huandikwa Shija Mabula Kulwa. Shija akipata mtoto akamwita Doto, mtoto huyo huandikwa Doto Shija Mabula. Mmeona? Jina la Kulwa limeanguka nje. Jina la mwisho la baba ni Kulwa, la mtoto ni Mabula. Kwa desturi yetu hapana kosa lolote. Watu wa Iceland, huko Ulaya ya kaskazini, nao hata leo huitwa kwa jina la mzazi, na jina hubadilika kila kizazi. Lakini fomu inapouliza "jina la ukoo", mmoja huandika la babu, mwingine la baba wa babu, wa tatu huandika jina la ukoo wenyewe analolijua kwa wazee. Ndugu watatu wa tumbo moja wakawa na majina matatu ya mwisho.

Tena kuna herufi. Mmoja ameandikwa Kulwa, mwingine Kurwa. Doto huyu ana T moja, yule ana T mbili. Ng'wandu wa nyumbani anakuwa Mwandu shuleni, kwa sababu aliyeandika hakuizoea sauti ile. Wadachi walipita njia hiyo hiyo. Jina moja la Meyer lina sura tano au zaidi: Meyer, Meier, Maier, Mayer, Mayr. Kila karani aliandika alivyosikia, na ndugu waliandikwa mbalimbali. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1875, na tangu tarehe 1 Januari 1876 dola nzima ya Ujerumani ikawa na ofisi za serikali za kuandikisha kuzaliwa, kuoa na kufa. Tangu hapo ni vigumu kubadili hata herufi moja. Aliyeingia kwa E amebaki na E, na watoto wake wamebaki nayo.

Kwa nini nawaeleza haya ninyi mnaojifunza kusoma? Kwa sababu zamani mtu asiyejua kusoma aliandikiwa jina lake na mwingine. Karani aliuliza, yeye akajibu kwa mdomo, karani akaandika alichosikia, yeye akatia dole gumba chini ya kitu asichoweza kukisahihisha. Leo mwanamke wa Shishiyu aliyeuza pamba yake anataka jina la daftari la ushirika lilingane na jina la kitambulisho chake na la akaunti yake. Mzee akifariki, watoto wake wanaodai shamba huulizwa vyeti vyao. Kama cheti kimoja kina Kulwa na kingine Kurwa, itabidi waende kula kiapo kuwa huyo ni mtu mmoja, na kiapo kina gharama na safari. Pengine mwenye shamba angeweza kuzuia yote hayo kwa kusoma mstari mmoja wakati karani angali ameshika kalamu, na kusema, "Samahani bwana, jina langu lina L, si R."

Sasa kazi ya darasa. Mwalimu, futa Fischer ubaoni. Kila mtu aandike katika daftari lake majina yake matatu kamili, kama anavyotaka yaandikwe. Halafu chini yake aandike majina ya watoto wake, kila mtoto mstari wake, na atazame kama jina lake mwenyewe limeandikwa kwa herufi zile zile kila mahali. Wenye vyeti vya kuzaliwa nyumbani wavilete kipindi kijacho, tuvisome pamoja, mstari kwa mstari. Asiye na cheti alete kadi ya kliniki ya mtoto.

Na mwenye jina la Kisukuma ambalo wengine hawalijui, aandike na maana yake pembeni. Tutayasoma kwa sauti. Kwaherini.