MWENYE BUNDUKI YA MARISAU
Hotuba kwa watu wa Busia na Malaba



Na ichukuliwe kwa mfano kwamba mzee mmoja amefariki katika kijiji kisicho mbali na Amukura. Watoto wake wamefika mazishini, na ndugu wengine wamekuja kutoka Tororo, maana Wateso wanakaa pande zote mbili za mpaka, kama vile Wasamia wa huko kusini. Matanga yakiisha, sanduku la marehemu linafunguliwa, na chini ya koti lake la mvua inaonekana bunduki ya mitutu miwili pamoja na risasi kumi na mbili katika mfuko wa karatasi. Mwana mkubwa anasema bunduki ni yake, kwa kuwa yeye ndiye mrithi. Baba mdogo aliyetoka Tororo anasema ng'ombe na shamba vimewaendea watoto, basi bunduki na imwendee nduguye marehemu, naye ataichukua kesho asubuhi atakaporudi kwake. Mjane anasema hataki kukiona kitu kile nyumbani tena.

Kati ya hao watatu, ni mjane peke yake aliyesema neno linalokubaliana na sheria, ingawa labda hakuifikiria sheria hata kidogo.

Chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, mtu haruhusiwi kununua, kupata wala kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Cheti hicho kina jina la mtu. Kinataja aina ya bunduki aliyo nayo, na kiasi cha risasi anachoweza kununua na kuweka. Ni cha mtu yule, wala si cha ukoo, na hakirithiwi kama shamba au baiskeli. Mwenyewe akifa, hakuna mwingine nyumbani ambaye cheti chake kinamlinda. Mwana mkubwa akiilaza bunduki ile chini ya kitanda chake, hata kama hana nia mbaya, anaitunza bila ruhusa. Na baba mdogo akiipitisha Malaba ndani ya gunia la mahindi, amefanya makosa mawili au zaidi kwa safari moja: kuwa na silaha bila cheti, kuitoa katika Kenya bila kibali, na kuiingiza katika Uganda, ambako kuna Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inayodai ruhusa vilevile.

Yafaa watu wakumbuke sheria hii ilitoka wapi. Ilitungwa mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, na siku zile Mwafrika wa kawaida hakuwa na njia nyepesi ya kupata cheti. Bunduki za marisau waligawiwa Homugadi, na aliyekutwa na silaha bila ruhusa aliweza kunyongwa. Dedan Kimathi mwenyewe alihukumiwa kwa kosa la kuwa na bastola na risasi, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Kwa sababu hiyo wazee wengi walikuwa na hofu ya bunduki iliyo halali kama walivyoiogopa isiyo halali, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mambo yamebadilika sana tangu hapo. Leo maombi ya raia huamuliwa na Bodi ya Leseni za Silaha, na polisi huulizia tabia ya mwombaji. Anatakiwa awe na sababu nzuri, asiwe mlevi wa kuzoea, awe na akili timamu, na asiwe mtu ambaye silaha mikononi mwake ni hatari kwa amani ya majirani. Mnamo Desemba 2018 Serikali iliamuru raia wote wenye bunduki wachunguzwe upya, na vyeti vya namna mpya vikatolewa.

Sasa, sababu nzuri ni ipi? Hapa ndipo watu wengi wa Busia wanapokosea. Mtu anaona kware katika shamba la mtama, au kanga wakichakura kando ya kinamasi cha Sio-Siteko, naye anadhani akipata bunduki atajipatia kitoweo na burudani pamoja. Uwindaji wa mchezo ulikatazwa katika Kenya mwezi wa Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilisema wazi kwamba kuwinda kwa kujifurahisha ni kosa. Mababu wa sehemu hizi walimnasa kware, yule anayeitwa isindu kwa Kiluhya na aluru kwa Kijaluo, kwa kumtundika mwenzake aliaye ndani ya kikapu juu ya mti mrefu na kutega mitego chini yake. Ustadi huo ulikuwa mkubwa kuliko wa kupiga kundi la ndege kwa marisau. Lakini hata kufuga kware siku hizi kunataka kibali cha Shirika la Wanyamapori.

Basi apendaye kupiga bunduki ya marisau kwa mchezo, njia iliyo wazi kwake ni shabaha, na hasa ile iitwayo njiwa wa udongo. Zamani huko Ulaya walirusha njiwa walio hai, na hata katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900 ndege kama mia tatu waliuawa mbele ya watazamaji. Mwaka 1880 Mmarekani mmoja, George Ligowsky wa Cincinnati, alitengeneza kisahani cha udongo kinachorushwa na mtambo. Kisahani cha leo kinafinyangwa kwa lami na unga wa chokaa, upana wake ni milimita 110 na uzito gramu 105. Kinaruka kwa kasi ya kilomita kama 100 kwa saa, na mpigaji ana nukta moja au mbili tu za kukivunja kabla hakijawa mbali. Asidhani mtu kwamba mchezo huu ni wa Wazungu peke yao. Nasser Al-Attiyah wa Qatar, ambaye wengi wanamjua kwa mashindano ya magari, alipata medali ya shaba London mwaka 2012. Fehaid Al-Deehani wa Kuwait alipata dhahabu mwaka 2016. Mkuwait mwenzake, Abdullah Al-Rashidi, alipata shaba katika michezo ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 57, na hilo na liwafariji wanaodhani wamezeeka.

Taabu ya mtu wa Busia ni umbali. Uwanja wa shabaha unaojulikana sana, ule wa Kirigiti katika Kiambu, uko zaidi ya kilomita 400 kutoka mpakani. Katika njia hiyo yote bunduki hukaa tupu ndani ya mfuko wake, risasi hukaa mbali nayo, na cheti hukaa kwa mwenyewe, tayari kuonyeshwa kwenye kizuizi chochote cha polisi. Wako wanaosema, mbona nisipige tu nyuma ya nyumba? Jibu lake liko katika marisau yenyewe. Risasi moja ya mchezo ina gramu 24 za vipande vidogo, takriban 300 kwa hesabu, na kila kimoja hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 400 kwa nukta. Vipande hivyo huvunja kisahani vizuri mpaka mita 35 au 40, lakini haviishii hapo. Vidogo kabisa huweza kufika mita 200, na marisau makubwa hupita mita 600. Katika nchi kama Busia, ambako boma moja limepakana na jingine na watoto hupita vichochoroni wakienda kuteka maji, mita 200 si shamba la mtu mmoja. Aidha mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na masikio yasiyozibwa huharibika polepole bila mwenyewe kutambua, mpaka siku anapoanza kuwakemea watoto kwamba wananong'ona.

Bunduki hizi hupimwa kwa namba ya zamani inayowachanganya wengi. Ikisemwa ni namba 12, maana yake ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa matufe 12 yaliyo sawa, tufe moja litaingia barabara katika mtutu. Kwa hiyo namba 20 ni nyembamba kuliko namba 12, si pana. Jambo hili si la kujuajua tu. Risasi ya namba 20 ikitiwa kwa makosa katika bunduki ya namba 12, inateleza mbele na kukwama mtutuni. Mpigaji akitazama nyuma anaona tundu tupu, anadhani hakutia kitu, anatia risasi ya namba 12 na kufyatua. Mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Ndiyo sababu maganda ya namba 20 hupakwa rangi ya manjano, na ndiyo sababu mtu mwenye busara hachanganyi aina mbili za risasi katika mfuko mmoja. Matope nayo hufanya vivyo hivyo. Mpigaji aliyeteleza katika udongo wetu wa masika afungue bunduki yake, atoe risasi, na atazame mwanga upande wa pili wa mtutu kabla ya jambo lingine lolote.

Adabu ya uwanjani ni ngumu na haina msamaha. Bunduki isiyo katika kupigwa huwa imefunguliwa, ili kila mtu aone kwa macho kwamba ni tupu. Mtutu hauelekezwi kwa mtu, iwe ina risasi au haina, na kidole hakigusi kifyatulio mpaka kisahani kimeitwa. Ama kulenga, wageni wa mchezo hukosa kwa sababu moja: wanakilenga kisahani kama vile kimesimama. Kisahani kinakwenda, na marisau nayo yanahitaji muda wa kufika. Mpigaji huuanza mtutu nyuma ya kisahani, huupitisha mbele yake, hufyatua, na haukomeshi mkono. Akisimamisha mtutu wakati wa kufyatua, marisau yatapita nyuma kila mara. Kitako nacho kikae imara begani na shavu lilale juu ya mti, la sivyo atarudi nyumbani na shavu lililovimba, na mkewe ataulizwa na majirani kuna nini.

Nyumbani, kazi ni ya namna nyingine. Sheria inamtaka mwenye silaha aiweke mahali salama wakati wote, na ikipotea au kuibwa apeleke habari kwa polisi bila kukawia. Mahali salama si juu ya dari, wala nyuma ya kabati, wala chini ya godoro ambako kila mtoto wa nyumba ile alishapachungulia. Ni kabati la chuma lililofungwa kwa misumari ya kujikaza katika ukuta wa tofali, na ufunguo wake anao mwenye cheti peke yake. Risasi zina sanduku lake lenye kufuli jingine. Watoto wana akili ya kutafuta kuliko wazazi wanavyodhani, na mtoto wa miaka mitano ana nguvu ya kutosha kuvuta kifyatulio.

Hewa ya nchi hii, karibu na ziwa na yenye mvua nyingi, ni adui wa chuma. Bunduki inayowekwa ndani ya mfuko wake wa ngozi hushika kutu kwa sababu mfuko hunywa unyevu. Isafishwe siku ile ile ilipopigwa, mtutu upitishwe kitambaa mpaka kitoke cheupe, kisha upakwe mafuta mepesi. Mafuta mengi hayafai, maana huchuruzika na kuozesha mti wa kitako. Mwenyewe anawe mikono kabla ya kula, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza marisau ya madini hayo katika vinamasi mwaka 2023, kwa sababu ndege wa maji huyameza wakidhani ni changarawe.

Tena, hapa mpakani wizi una uzito wake. Mwezi wa Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua kituo cha pamoja cha Busia, na kwa halali yake mpaka umekuwa mwepesi kupita. Lakini kila mkazi anajua njia za panya zilizo kati ya mto Sio na mto Malaba. Bunduki iliyoibwa jioni upande huu yaweza kuwa upande wa pili kabla ya alfajiri, na yenye mitutu iliyokatwa kwa msumeno haijulikani tena na mwenyewe. Silaha haramu zaidi ya 5,000 zilizochomwa moto Ngong mwaka 2016 hazikuanza zote zikiwa haramu.

Turudi kwa mjane wa Amukura. Bunduki iachwe pale ilipo, na vijana wasiijaribu, kwa maana hakuna ajuaye kama marehemu aliiacha tupu. Mlango ufungwe. Mtu mzima mmoja aende kituo cha polisi akiwa na cheti cha marehemu, kama kimeonekana, na aeleze habari kama zilivyo, ili polisi waje kuichukua wenyewe. Idadi ya risasi ihesabiwe mbele ya mashahidi na kuandikwa, na familia ipewe karatasi iliyotiwa sahihi yenye namba ya bunduki. Mwana mkubwa akiitaka, aombe cheti kwa jina lake, aonyeshe sababu yake na mahali atakapoiweka, na asubiri jibu bunduki ikiwa kituoni. Baba mdogo wa Tororo ni mkazi wa nchi nyingine; kwake kuna kibali cha kutoa silaha huku na kibali cha kuiingiza kule, na vyote viwili hutangulia safari. Huenda akaona taabu hiyo inazidi thamani ya bunduki yenyewe. Ikiwa hakuna anayeitaka, au Bodi ikikataa, familia iandike hivyo na kuiachia Serikali, na mjane atie sahihi yake pamoja na wengine.